Saa nne kwa wiki kwa familia za askari: mshauri nasaha aanzie wapi?

Swali: "Mimi ni mshauri nasaha niliyesajiliwa, nina miaka sita kazini, na naishi Eldoret, si mbali na Moi Barracks. Wake wawili wa askari ninaosali nao wamenieleza mambo ya nyumbani kwao nikashindwa niyashike wapi. Nina saa nne kila wiki za kujitolea bila malipo. Niandike barua kambini? Niwakusanye akina mama? Nianze na nini, na nijihadhari na nini?"

Jibu:

Dada, usianze na barua. Utaiandika, ila baadaye, ukiwa tayari una mahali, siku, saa na mtu wa kukusimamia kitaalamu. Barua ikitangulia, hutokea moja kati ya mawili. Ama inalala mezani kwa mtu miezi kadhaa, ama unakubaliwa upesi na kupangiwa mhadhara wa afya ya akili ukumbini, wake wa askari wameketi safu kwa safu na maofisa mbele. Katika ukumbi huo hakuna atakayenyoosha mkono aseme mume wake amerudi akiwa mtu mwingine. Kila mmoja anajua cheo cha mume wa aliyekaa kando yake. Anajua pia kwamba neno likimtoka asubuhi, huenda likamfikia kamanda kabla ya chakula cha mchana, mumewe akakosa kozi, cheo au safari ya misheni yenye marupurupu. Hofu hiyo, iwe na msingi au isiwe nao, ndiyo itakayoamua nani atakuja kwako na nani atabaki nyumbani.

Kwa hiyo kitu cha thamani ulicho nacho, kuliko hata shahada yako, ni kwamba uko nje. Huna cheo, huripoti kwa yeyote aliyevaa sare, na faili zako hazikai katika kabati la jeshi. Jeshi lina watu wake: kuna Hospitali ya Defence Forces Memorial kule Nairobi, kuna makasisi na maimamu wa vikosi, na kuna Military Wives Association of Kenya. Wanafanya kazi kubwa. Wewe unamshika yule ambaye hatakwenda kwao, kwa sababu tu wao ni wa ndani. Nchini Marekani, mwaka 2005, mwanasaikolojia Barbara Van Dahlen alianzisha shirika la Give an Hour kwa wazo jepesi: kila mtaalamu atoe saa moja kwa wiki bila malipo, kwa askari wa vita vya Iraq na Afghanistan pamoja na jamaa zao. Mtaalamu alibaki katika ofisi yake mwenyewe, na familia ikamfuata huko. Hilo ndilo la kuiga, maana mtu huongea tofauti akiwa ndani ya geti la kambi na akiwa nje yake.

Sasa tupige hesabu ya hizo saa nne, kwa sababu hapa ndipo wengi wenye moyo mwema huharibu mambo. Saa nne ni dakika 240. Vikao vitatu vya dakika 50 vinakula 150. Kuandika kumbukumbu, dakika 15 kila kikao, ni 45. Zinabaki 45 za simu za rufaa na za kumuulizia aliyekosa kuja. Basi una familia tatu kwa wakati mmoja, si kumi. Kila familia iahidi vikao vinane, kisha mkae mtathmini pamoja kama mnafunga, mnaongeza au mnampa rufaa. Ukipumzika wiki moja kila baada ya mzunguko wa wiki nane, mwaka mzima utakuwa umehudumia familia kama 15. Inaonekana idadi ndogo, lakini familia 15 zilizoshikwa hadi mwisho ni bora kuliko 60 zilizofunguliwa vidonda na kuachwa. Ukipendelea PM+, mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao vitano vya dakika 90, zihesabu familia mbili kwa wakati mmoja. Mpango huo ulijaribiwa hapa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, na unafaa sana kwa mtu ambaye matatizo yake ya kila siku na ya moyoni yameshikana hata huwezi kuyatenganisha.

Saa ya msimamizi wako haimo katika hizo nne. Tafuta mshauri mwenzako aliyekutangulia, mkutane saa moja kila baada ya wiki mbili, na asiwe mke wala mume wa mwanajeshi. Hakikisha pia leseni yako chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ni ya mwaka huu. Kujitolea hakukuondolei wajibu wowote wa kitaalamu. Mama akidhurika kwa uzembe wako, hakuna atakayeuliza kama alikulipa.

Mahali pawe pa kufikika kwa miguu kutoka kambini, ili nauli isiwe sababu ya kukosa, na pawe na shughuli nyingine pia. Mlango wenye kibao cha ushauri nasaha unamfanya mtu aonekane na majirani kabla hujamwona wewe. Chumba cha shule wanakosoma watoto wao kinafaa kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayemshangaa mama aliyekuja kumwona mwalimu. Chumba cha nyuma cha kanisa au ofisi ndogo ya msikiti inafaa pia. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, siku za shule, watoto hawapo na chakula cha mchana hakijaanza kumdai. Nyumbani kwako hapana. Nyumbani kwake kambini hapana vilevile, kuta za nyumba zile ni nyembamba.

Na usimsahau mwenye hitaji asiyeishi karibu na kambi kabisa. Askari wengi ni vijana ambao hawajaoa. Wa karibu wao ni mama aliyeko kijijini, anayesikiliza taarifa ya habari saa moja jioni huku amebana mikono. Wapo pia waume wa askari wa kike, ambao hakuna kikundi kinachowakumbuka na ambao watani wao huwauliza nani amevaa suruali nyumbani. Mama mzee ambaye lugha yake ni Kinandi au Kibukusu mtafutie mkalimani mtu mzima asiye wa ukoo. Usimtumie mjukuu. Hakuna bibi atakayemtafsirisha mtoto wa miaka 12 kwamba hataki tena kuishi.

Kikao cha kwanza kina kazi moja kubwa, nayo ni kumwonyesha mipaka yako. Yaseme kwa maneno mepesi, ukimtazama, bila kusoma karatasi:

"Mimi si wa jeshi. Jeshi halinilipi, na hakuna mtu kambini atakayejua kwamba ulikuja, isipokuwa umwambie wewe. Unayoniambia yanabaki hapa. Mambo matatu tu yatanilazimu kuzungumza na mtu mwingine: maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiniamuru. Hata hapo nitakuambia wewe kwanza, kila itakapowezekana. Sihitaji kujua mume wako yuko wapi wala kikosi chake kinafanya nini. Nataka kujua nyumbani kukoje."

Baada ya hapo mwambie aiache simu yake mezani, imewashwa, kioo kikitazama juu. Najua chuoni tulifundishwa simu zizimwe. Lakini mume aliyeko operesheni hupiga mtandao ukipatikana, na simu hiyo moja huenda ndiyo ya wiki nzima. Ukimlazimisha aizime, atakaa dakika 50 akiwaza simu, na wewe utadhani hana la kusema. Ikilia, mwache atoke nje aongee. Mkirudi, mtaanzia hapo hapo ilipomfikisha.

Katika kumbukumbu zako usiandike jina la kikosi, cheo, mahali alipo mume wala tarehe anayotarajiwa kurudi. Andika "mume yuko kazini mbali, mwezi wa tano", inatosha. Faili ipe namba, na daftari la majina na namba likae mahali tofauti, pafungwapo kwa ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa familia hizi taarifa za safari za askari ni hatari nyingine juu ya hiyo. Akianza kukutajia njia waliyopita au idadi yao, mkatishe kwa upole: "Hayo yaache, turudi kwako." Usiunde kundi la WhatsApp la wateja wako. Makundi yapo tayari ya kutosha, na ndiyo yanayovujisha habari mbaya kabla ya jamaa kuarifiwa.

Kuhusu vipimo, PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ina maswali tisa na alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 kwenda juu unatazama kwa makini zaidi. Itumie kikao cha kwanza, cha nne na cha nane ili uone mwelekeo. Lakini usianze nayo. Wengi hawatakuambia wana huzuni. Watasema wana mawazo mengi, moyo unaenda mbio, kichwa kinauma tangu Krismasi, mgongo unawaka. Fuata kwanza maneno yake, kisha karatasi.

Utakayokutana nayo yanabadilika kulingana na mume yuko wapi katika safari. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, likajiunga na AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika huko, mwaka 2012, ikafuatiwa na ATMIS mwaka 2022, na sasa AUSSOM tangu 2025. Katikati ya hayo kumekuwa na msitu wa Boni kule Lamu, na Goma, mashariki mwa Kongo, kuanzia Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Mtoto aliyezaliwa Linda Nchi ikianza ni kijana sasa, na zipo nyumba ambazo baba ameondoka na kurudi mara nne au tano katika maisha ya mtoto mmoja.

Wiki za mwisho kabla ya kuondoka huwa na ugomvi wa ajabu kuhusu vitu vidogo: chumvi, soksi, simu iliyochelewa kupokelewa. Waeleze kwamba kuagana kwa hasira ni rahisi kuliko kuagana kwa machozi, na wengi huchagua rahisi bila kujua. Kisha uwape kazi ya mikono. Karatasi moja, mambo matatu: pesa zitaingia lini, kwa nani na kiasi gani, jamaa yupi wa upande wa mume ana ruhusa ya kuamua nini kukitokea dharura, na habari zitakuja kupitia nani. Jambo la pili huonekana dogo, lakini ndilo linalozuia shemeji kuja kuuza ng'ombe mwezi wa tatu akidai ametumwa.

Miezi ya katikati ni ya usingizi na ya watoto. Mtoto wa miaka saba anayeanza tena kukojoa kitandani, au anayegoma kwenda shule siku ya Jumatatu tu, hana jeuri. Jibu ni ratiba isiyobadilika ya kula na kulala, na dakika kumi za mama bila simu kila jioni.

Kurudi ndiko kugumu kuliko yote, na ndiko watu wanakojiandalia kidogo zaidi. Wiki ya kwanza au mbili ni furaha, wageni, nyama. Kisha nyumba inabana. Mama amekaa mwaka mzima akilipa karo, akipanga shamba, akiamua mtoto ahame shule. Baba anarudi na kuuliza, "Nani aliamua?" Yeye anatafuta nafasi yake, mama anasikia kana kwamba kazi yake yote imefutwa. Wakubaliane kwamba wiki nne za kwanza hakuna uamuzi mkubwa utakaobatilishwa. Majukumu yarudi kwa baba moja kwa wiki: wiki hii karo, wiki ijayo shamba. Yakirudi yote kwa siku moja, yeye atazidiwa na mama atabaki bila kazi katika nyumba aliyoisimamisha peke yake.

Mtoto mdogo anaweza kumkimbia, au kumuuliza mama mbele yake, "Huyu nani?" Baba asidai kukumbatiwa, na mama asimsukume mtoto. Baba afanye jambo moja na mtoto kila siku kwa saa ile ile, dakika 15: kumwosha miguu, kumpeleka dukani, kulisha kuku. Baada ya wiki tatu hivi mtoto mwenyewe ataanza kumngoja mlangoni.

Usiku nao una mambo yake. Mke atakuambia mume anaruka usingizini, anakaa akitazama mlango, anakasirika sahani ikianguka, haendi sokoni. Mara nyingi atamalizia, "Nadhani ana mwanamke mwingine." Mweleze kwamba mwili uliokaa miezi mingi ukilinda uhai hauachi kulinda kwa sababu tu umefika Eldoret. Mfundishe jambo hili la usalama: asimwamshe mumewe kwa kumgusa. Asimame upande wa miguu, mbali na mikono, amwite kwa jina polepole, kisha awashe taa. Kipigo cha mtu aliyeshtuka usingizini si ukatili wa makusudi, lakini jino huvunjika vilevile. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na zikamzuia kufanya kazi au kuishi na watu, huyo anahitaji tiba ya kiwewe, na hatakiwi kuipata kwako. Mume akitaka msaada, mpeleke kwa mtaalamu mwingine, kwa mfano katika idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Moi. Ukimchukua yeye na mkewe kila mmoja peke yake, baada ya vikao vitatu utakuwa umebeba siri za wote wawili na huwezi kumsaidia yeyote.

Kabla ya kikao chochote cha wanandoa, muone kila mmoja peke yake walau mara moja na uulize waziwazi kuhusu kupigwa. Ukatili ukiwepo, usifanye kikao cha pamoja. Atakayosema mke mbele yako saa nne asubuhi atayalipia saa nne usiku. Mpe namba 1195 ya bure ya waathirika wa ukatili wa kijinsia, na mpange aihifadhi kwa jina lisilomtambulisha, kama "Mama Mboga". Akitaja kuwa mume anakunywa kila siku, usimwambie amfiche pombe. Mtu aliyezoea akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka hata kupata kifafa. Aachishwe chini ya daktari.

Kuna siku utaitwa kwa sababu kumetokea shambulio. Baada ya kambi za jeshi letu kule Somalia kushambuliwa, El Adde, 15 Januari 2016, na Kulbiyow, 27 Januari 2017, familia zilipata habari mitandaoni kabla ya kupata neno rasmi, na picha zilikuwa zikizunguka tayari. Siku kama hiyo usikimbie kukusanya watu wakusimulie walichokiona na kuhisi. Kikao cha kulazimishwa cha aina hiyo, mara moja baada ya msiba, hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Fanya msaada wa kwanza wa kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha. Kwa vitendo maana yake ni maji ya kunywa, chaji ya simu, mtu mmoja wa kupokea simu zote badala ya mjane, na mtu mwingine wa kuwatoa watoto mbele ya televisheni.

Usifike pia bila taarifa, wala katika gari linalofanana na la serikali, ukiwa umeandamana na kasisi. Kwa mke wa askari, watu wawili waliovaa vizuri wakiteremka getini wana maana moja tu. Piga simu kwanza, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Sina habari yoyote ya mume wako, nakuja kukuona wewe."

Watoto waambiwe baba amekufa, kwa neno hilo hilo. Usiruhusu "amesafiri", "amelala", "ameitwa". Katika nyumba nyingine neno "amesafiri" linaleta utata, lakini katika nyumba ya askari linaharibu kabisa, kwa kuwa baba huyu alisafiri kila mara na kila mara alirudi. Mtoto aliyeambiwa amesafiri atamngoja, na safari ya kwanza ya mama kwenda Nairobi itamtia hofu isiyo na kipimo.

Kisha fanya jambo ambalo wachache hulifanya: weka tarehe katika kalenda yako ya wiki ya sita, mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Mazishi ya askari yana bendera, mizinga na viongozi. Mwezi wa tatu hakuna mtu. Ndipo mjane anapoanza kuulizwa kuhusu fidia, ndipo shemeji wanapotokea, labda na mke mwingine asiyejulikana, na ndipo anapokumbuka kwamba nyumba ya kambini ilikuwa ya mumewe na si yake. Mambo ya urithi usiyaguse wewe. Mpeleke FIDA-Kenya, shirika la wanasheria wanawake, au kwa wakili. Kazi yako ni kumsaidia aweze kulala ili asitie saini karatasi asiyoisoma. Kwa Waislamu, hasa ukisaidia wenzako wa kambi za Mtongwe au Nyali kule Mombasa, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mfuate nyumbani, uwe mwanamke au uongozane na mwanamke, wala usimhesabie kutotoka kwake kuwa dalili ya ugonjwa. Huzuni ya kawaida haina ratiba. Ila miezi sita ikipita na bado hawezi kupika, kufanya kazi wala kutazama watoto, mpe rufaa.

Lipo jambo zito zaidi ya kifo, nalo ni kutojua. Baada ya El Adde baadhi ya miili ilihitaji vipimo vya DNA, na familia zilingoja. Mtafiti Pauline Boss wa Marekani alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za askari waliopotea Vietnam, akaiita hali hii msiba usio na uhakika: mtu hayupo, lakini hakuna kaburi. Usimwambie mke wa namna hii "kubali", wala usimwambie "usikate tamaa". Yote mawili yanamtaka achague upande, na kuchagua ndiko kunakomvunja, maana akikubali anajiona msaliti, na akingoja anaambiwa ana wazimu. Msaidie kushika maneno mawili kwa pamoja: "Huenda amefariki. Huenda yu hai. Karo ni Jumatatu." Gawanyeni karatasi sehemu mbili: ya kuamuliwa mwezi huu, na ya kungoja. Nguo zake zibaki kabatini, hazimdhuru mtu. Wakwe wakitaka kufanya matanga na yeye hataki, kaa nao wote, msitafute kauli moja, tafuteni namna ya kuombea bila kuzika. Na ujue kwamba sheria ya Kenya humchukulia mtu kuwa amefariki asiposikika kwa miaka saba, kwa hiyo wanaokwambia "mahakama itamaliza mwakani" hawajauliza wakili.

Kuhusu hatari ya kujiua, uliza moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida: "Kuna wakati umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akijibu ndiyo, uliza amewaza kutumia nini na kiko wapi. Katika eneo lenu la mahindi na ngano jibu mara nyingi ni dawa ya shamba, na ipo hapo hapo stoo. Usimwache arudi nyumbani ikiwa bado ipo. Mkubaliane ni jirani gani ataichukua leo, mpigie simu mkiwa wote wawili, na usikie akithibitisha. Kisha andikeni pamoja mpango wa usalama: dalili za kwanza, jambo analoweza kufanya peke yake, watu wawili wa kukaa nao, mtu wa kumwambia ukweli, namba 1199 ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na hospitali ya kwenda. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kuwa kinakiuka Katiba.

Mambo yanayomwangusha mshauri mwenyewe ni machache na yanajirudia. Anatoa pesa mara moja, na kuanzia hapo kila kikao kina swali ambalo halijaulizwa. Anakubali kuandika barua ya kuunga mkono fidia, na mwisho anajikuta mahakamani. Kasisi wa kikosi anamuuliza kwa nia njema, "Mama fulani anaendeleaje?" naye anajibu, "Vizuri." Neno hilo limeshatoboa siri, kwa kuwa limethibitisha kwamba anakuja. Jibu lako kwa kila mtu na kila siku liwe lile lile: "Sizungumzi kuhusu nani anakuja au haji." Ukilisema hata kwa wale ambao hawaji, wanaokuja watakuwa salama.

Sasa ile barua. Iandike baada ya miezi mitatu au minne, ukiwa umemaliza mzunguko mmoja angalau. Ukurasa mmoja, kwa kamanda, nakala kwa kasisi na kwa imamu wa kikosi. Usiombe kuingia kambini. Wajulishe tu kwamba huduma ipo, mahali, siku, saa, kwamba ni bure na haitoi ripoti kwa yeyote, pamoja na namba yako ya usajili. Omba jambo moja: tangazo libandikwe zahanati na shuleni. Wakikualika kutoa mhadhara, nenda, zungumza dakika 20 kuhusu usingizi na watoto, kisha uondoke bila kuchukua majina.

Wale wawili wa kanisani kwako, waliokufanya uandike swali hili, usiwachukue wewe. Mnasali pamoja, mtakutana kila Jumapili, na siku moja mmoja wao atakaa benchi la nyuma ili asikuone. Mpe kila mmoja jina la mshauri mwenzako unayemwamini, umpigie simu akiwa mbele yako, na yule mwenzako akuletee wawili wasiokujua.